Nani Alichinja?

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali asubuhi. Vidole vinakataa kushika kisu. Nimechinja mbuzi wawili kabla jua halijafika ukutani. Mmoja mnono, mwingine ngozi na mifupa; aliyeniuzia atasikia ukweli wake. Zuena amekata vitunguu huku analalamika kwamba mke wa mchoma michopo ya mbuzi hanukii kitu kingine ila moshi maisha yake yote. Kweli kabisa. Nilimwambia moshi wa mbuzi ndio marashi yetu. Hakucheka.

Jioni amekuja Donatien na watu wake. Siku hizi ana watu. Hata kwenda kunawa mikono anasindikizwa. Alikaa kwenye benchi lile lile la kona, karibu na moshi, akaagiza mbavu na pilipili nyingi, akala kwa mikono kama tulivyokuwa tukila utotoni kwa mama yake. Mbunge mzima wa jimbo, na bado ananiita yaya, kaka mkubwa, mbele ya watu. Nilifurahi, sikatai.

Aliuliza kama nimeshachagua mbuzi wa tarehe moja Agosti. Nimechagua. Kila mwaka siku hiyo ya wazazi, watoto wa marehemu Baba Sylvestre, baba yake Donatien, wanasafisha kaburi lake asubuhi, halafu mchana avenyu yetu yote hapa Makomeno inakula katika lupango, uwanja wa nyumba ya mama yao, Mama Feli. Wao ni Wakatoliki, watu wa reli, asili yao kaskazini. Sisi ni Waislamu, babu alitoka Maniema. Mbuzi tunachinja sisi, ili kila mtu aweze kula. Baba yangu alichinja pale, sasa nachinja mimi. Sijawahi kusikia mtu akikaa chini kulijadili.

Jumatatu, 14 Julai

Jana Apostolo alihubiri kuhusu nyama.

Apostolo ndiye mchungaji wa Donatien. Donatien aliwaacha Wakatoliki kabla ya uchaguzi, akaingia kanisa lile jipya, Apostolo akamwekea mikono kichwani mbele ya waumini wote na kura zikaja. Mimi nilisema ni mambo yake na Mungu wake.

Leo sauti ya Apostolo iko katika kila simu ya mtaa. Zuena ameisikiliza mara mbili, mimi nimeshindwa kuimaliza. Anasema nyama iliyochinjwa na Mwislamu imeshatolewa kwa mwingine. Mkristo anayeila anakaribisha kitu ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana biashara hazisongi, ndiyo maana mimba zinaharibika.

Mimba. Kwa kisu changu.

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Katika avenyu hii anayechinja ni mimi. Nina hasira na sijui niiweke wapi.

Jumatano, 16 Julai

Moshi upo, watu hawapo. Madereva wa magari ya mgodi wa Kinsevere wamekuja, wale hawana muda wa mahubiri, wana njaa. Wengine wamepita ng'ambo ya barabara, wanajifanya wanasoma simu. Mtu aliyekula kwangu tangu nilipoanza, leo ana simu ya kusoma.

Halafu jirani wa nyumba ya tatu, mama ninayemjua tangu anaolewa. Alisimama mbele ya jiko la makala yanayowaka, akaitazama nyama, akauliza: "Nani alichinja?"

Tangu lini? Nikamjibu ni mimi, kama juzi, kama miaka yote. Akasema anafika nyumbani mara moja, atarudi. Hakurudi. Nusu ya mbuzi imebaki. Tumekula wenyewe, na hata kwangu haikuwa na ladha.

Alhamisi, 17 Julai

Redio. Mtangazaji amemuuliza Donatien waziwazi: Honorable, unakubaliana na mchungaji wako? Niliacha kukata ili nisikie. Akajibu kwa ile sauti yake ya mikutano.

"Miye niko mbunge, hapana pasta. Kila muntu ajibu ya kwake."

Halafu akaingia kwenye mambo ya barabara na taa.

Kila mtu ajibu ya kwake. Sawa. Na wakati wa uchaguzi je?

Wakati wa uchaguzi, mdogo wangu Sefu aligombea udiwani wa komini, kwenye orodha ya upande mwingine. Sheikh mmoja, wa msikiti ulio mbali huko ambako Sefu hajawahi kuswali, akasema Mwislamu asiende kula Noeli kwa Mkristo. Maneno ya kipuuzi. Nilisema hivyo siku ile na leo nasema hivyo. Lakini ni nani alisimama kwenye redio hii hii kudai Sefu ajitokeze amkane sheikh wake? Donatien. Alisema wananchi wana haki ya kujua. Sheikh wake! Sefu hakuwahi hata kumwamkia.

Sefu akajitokeza. Akaomba radhi kwa maneno ya mtu mwingine, amevaa koti langu la harusi kwa sababu lake lilikuwa limechakaa. Akashindwa vilevile. Mpaka leo vijana wa kituo cha teksi wanamwita Monsieur Pardon, Bwana Samahani.

Kwa hiyo sheria ni hii: sisi tunajibu, wao wana barabara na taa.

Jumamosi, 19 Julai

Sefu amekuja kula. Nilidhani atafurahi kwamba zamu imemfikia mwenzake. Hakufurahi. Alisema Donatien aachwe.

"Yaya, ile kintu iko mubaya. Hata kwake iko mubaya. Hautajua mupaka bakuulize weye."

Nilimkasirikia. Nikamwambia ndiyo maana alishindwa, ana moyo wa mkate. Zuena akanitazama vibaya. Sefu akanywa chai yake akaondoka, na alisahau kofia.

Nimefikiri siku nzima. Sefu ana haki. Na mimi nina haki. Simtaki Donatien ajibu kwa niaba ya Apostolo. Apostolo ana mdomo, tena mkubwa. Ninalotaka ni dogo na ni la Donatien mwenyewe: aseme kwamba yeye anakula. Kwamba siku chache kabla ya yale mahubiri alikaa kwenye benchi langu, akala mbavu, akalamba vidole, na hakuna kitu kilichomfuata nyumbani. Hilo si la mchungaji. Ni tumbo lake na ulimi wake.

Hawezi. Kura zake zimekaa kwenye viti vya kanisa lile. Ni muoga. Nimeliandika na silifuti.

Jumanne, 22 Julai

Donatien amepiga simu. Zamani angekuja.

Sauti laini, kama ya mtu anayeuza dawa. Tusikilizane kuhusu tarehe moja. Mbuzi nichinje mimi, kama siku zote. Ila nisiende siku yenyewe, niende siku moja kabla, Alhamisi alasiri. Niingie kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa choo. Nikimaliza niondoke. Siku ya sikukuu nije kama mgeni tu, na mambo ya kisu nisiyataje, kwa kuwa watakuwepo watu wa kanisa na watu wa picha.

"Utanielewa, yaya. Iko politike tu."

Nikamuuliza: na kwenye redio, utasema lini? Akacheka kidogo. Akasema tuache mambo yapoe.

Nimekuwa hawara. Mtu anataka kula kwangu ila hataki aonekane akitoka. Sikumpa jibu. Zuena anasema nikatae, tena nimtukane.

Alhamisi, 24 Julai

Wateja wachache. Mmoja wao mbwa.

Jumapili, 27 Julai

Nitaenda.

Siendi kwa ajili ya Donatien. Baba yangu alipofariki, Baba Sylvestre alisimama getini kwetu mpaka kilio kilipokwisha, anapokea watu, anawaonyesha pa kukaa, anatafuta maji ya kutawadhia, Mkatoliki na rozari yake mfukoni. Nikikataa, siku ya kumkumbuka yeye, nusu ya avenyu itakaa na sahani tupu uwanjani kwake. Na Mama Feli hajui lolote. Leo ametuma salamu, anauliza kama nimeshanoa.

Nimemwambia Zuena. Hajanisemesha tangu mchana.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeingia kwa mlango wa nyuma, kisu ndani ya gunia, kama mwizi. Mama Feli hakuwepo. Walimpeleka kwa mshonaji akajaribu kikwembe chake kipya, kitenge cha sikukuu. Walipanga vizuri.

Uani nikamkuta mwanamume mwingine. Mtu wa makamo, wa kanisa la Apostolo, ana mbuzi wake na kisu chake. Tukatazamana. Ndipo mke wa Donatien akaeleza, bila kuniangalia usoni. Masufuria mawili. Langu litafungwa kitambaa chekundu sikioni, la yule cheupe. Waislamu wataambiwa chekundu, watu wa kanisa wataambiwa cheupe, kila mmoja kwa siri, na kila mtu atafurahi.

Ningeweza kuondoka. Nilifanya kazi yangu.

Yule mtu si mbaya. Alinisalimia vizuri, akaona haya kuliko mimi. Kisu chake kilikuwa butu kabisa. Nikamnolea, kwa ajili ya mbuzi.

Ijumaa, 1 Agosti

Nataka kuandika hili taratibu, lisinipotee.

Baada ya swala ya Ijumaa tukaenda, mimi na Zuena na Sefu, na majirani wa msikitini. Mama Feli na watoto wake walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Donatien alitupokea getini kwa mkono mmoja, mwingine una simu. Apostolo alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha Baba Sylvestre. Kile cha mikono, alichokuwa akikalia jioni akivua viatu vya reli. Sikupenda.

Wanawake wa kugawa wakaanza kunong'ona. Nyekundu, nyeupe. Uwanja ambao haukuwahi kuulizana, sasa kila mtu ameshika sahani anaulizia sikioni: nani alichinja? Mistari miwili. Walioteseka zaidi ni Wakatoliki, hawakuambiwa kitu na hawakujua wasimame wapi. Mzee mmoja wa reli alihama mstari mara kadhaa, mwishowe akaenda kukaa.

Ndipo Mama Feli akatoka ndani. Kikwembe kipya, uso umechoka na jua la makaburini. Akaona mistari. Akaona vitambaa. Akauliza hii ni nini. Donatien akamwambia mama, enda ukae.

Hakukaa. Alichukua mwiko mrefu, akafunua sufuria langu, akaanza kuchota na kumimina katika lile jingine. Mwiko baada ya mwiko, kwa mikono yake ile ya uzee. Mpishi mmoja akamwonea huruma, akamsaidia kuliinamisha mpaka likaisha. Mama akakoroga.

"Kwa lupango ya Sylvestre kunakuwaka sufuria moja tu," akasema.

Akatabasamu. Maskini, alidhani ametuunganisha.

Hakuna aliyesogea. Sisi hatukuweza tena kula. Watu wa Apostolo nao hawakuweza, mahubiri ya Jumapili ile yalikuwa bado masikioni mwao, na yeye mwenyewe amekaa pale anawatazama. Sefu aliniambia polepole kwamba wapo wanavyuoni wanaoruhusu nyama ya Wakristo. Najua. Lakini ile ilichinjwa makusudi ili kuikataa yangu. Hiyo haipiti kooni. Apostolo akaomba maji. Wakatoliki peke yao wakala, vichwa chini.

Mama Feli akaanza kugawa mwenyewe. Kwangu akaleta shingo, anajua napenda shingo. Akasimama kusubiri.

"Rama, haukule?"

Nikamwambia nimeshiba, mama.

Sijawahi kumwambia neno hilo tangu nilipokuwa natambaa katika uwanja ule. Alinitazama. Akatazama sahani ya Zuena, akatazama ya Sefu, akageuka akatazama upande wa kanisa. Mwiko bado mkononi. Sijui alielewa nini. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani immeze Donatien kwanza.

Tukatoka kwa mlango wa mbele. Hilo angalau.

Jumamosi, 2 Agosti

Donatien ametoa picha. Iko katika simu zote, kama mahubiri yale. Mama yake ameshika mwiko, anakoroga, mvuke usoni. Chini ameandika: Mama yetu, umoja wetu.

Watu wanamsifu mpaka nashindwa kusoma. Apostolo naye amempongeza. Aliyekata picha ana kipaji: sahani zilizojaa hazionekani, nyuso hazionekani. Mtangazaji wa redio ameisifu pia. Hakuuliza swali.

Namchukia leo. Labda kesho itapungua.

Jumatatu, 4 Agosti

Zuena alikwenda kumrudishia Mama Feli beseni. Akakaa muda mrefu. Aliporudi akasema amemweleza yote, mahubiri, redio, mlango wa nyuma, kwa nini sahani zilibaki zimejaa. Mama hakuwa amesikia hata moja. Wana wake walimwambia redio imeharibika.

Nilimgombeza Zuena. Bibi mzee, wa nini kumuumiza? Zuena akanijibu kwamba kila mtu anamlinda mama yule kwa kumdanganya na yeye hataki kuwa mmoja wao. Ana haki.

Anasema mama aliuliza jambo moja tu, kama Donatien alikuwa anakula kwangu. Zuena akamwambia karibu kila wiki. Mama akainuka. Akachukua kile kikwembe kipya, akakikunja, akakiweka chini kabisa sandukuni.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja.

Saa ambayo watu wanarudi kutoka mjini, barabara imejaa. Kwa miguu, na fimbo yake, kikwembe cha zamani, sweta ya marehemu mume wake. Peke yake. Akalipita benchi la karibu, akaenda mpaka kona, karibu na moshi, akakaa pale anapokaa mwanawe. Akaegemeza fimbo ukutani. Nilisimama tu, makala yanaungua bure.

Kisha akaniita, kwa sauti ile aliyokuwa akituita nayo turudi kuoga, ikisikika avenyu nzima.

"Rama! Hii nyama, nani alichinja?"

Watu wa kituo cha teksi wakageuka. Yule mama wa nyumba ya tatu alikuwa getini kwake, akasimama.

"Ni miye, mama."

"Basi niletee. Na pilipili."

Nikamletea. Nilikata vipande vidogo, meno yake ni machache. Alikula polepole sana. Hakumtaja mwanawe, hakumtaja Apostolo, sufuria hakuligusia. Aliniuliza kuhusu kifua cha Zuena kinachomsumbua na kama Sefu amepata kazi.

Gari la Honorable likafika, lile la vioo vyeusi. Dereva akashuka, akasema kwa adabu kwamba Honorable anaomba mama arudi, baridi itamdhuru. Mama akamwambia akae ale. Dereva akasema hana njaa.

"Basi ngojea."

Akarudi ndani ya gari, akapandisha vioo. Mama akaomba aongezewe.

Wachache walisimama ng'ambo wakitazama. Dereva mmoja wa Kinsevere akaja akakaa karibu naye, wakaombana chumvi. Jirani wa nyumba ya tatu alitazama muda mrefu, kisha akaingia kwake akafunga geti. Labda atakuja, labda hatakuja. Donatien hajasema kitu na sasa simsubiri.

Jua lilipokwenda nyuma ya mabati, mama akanipa sahani. Mifupa ameipanga ukingoni, kama alivyotufundisha sote wawili, mimi na Donatien. Nikamshika mkono mpaka kwenye gari. Dereva akafungua mlango na hakunitazama.

Nimezima makala. Sahani yake nimeiosha mwenyewe. Kesho nitachinja mbuzi mmoja.